Maji ya Kirombe Yalipokuwa Yanapanda

Isevya, Tabora
4 Januari 2025

Babu Pazi,

Shikamoo. Na Bibi Fatu mfikishie shikamoo yake, mwambie mke mwenzie anamkumbuka hata kama hajamletea asali.

Sisi huku wazima. Mvua inanyesha, shule bado hazijafunguliwa, nipo nyumbani tu.

Babu, nakuja kwenye jambo lenyewe. Watu wa Omari Mlekwa walikuja kwako mwezi wa kumi na moja na barua ya posa. Uliwapokea vizuri, ukawapa kahawa, ukawasimulia habari za lori mpaka wakakosa basi, wakaondoka bila jibu. Walipofika huku mjomba wake aliniuliza kama kweli uliwahi kumvuta kiboko kwa kamba kutoka Bangwe hadi bandarini. Nikamwambia sijui, sikuwepo.

Baba angekuwa hai ningemwandikia yeye. Hayupo, na kwa dini yetu walii wangu umebaki wewe. Ndoa tunataka iwe huku, Ijumaa ya tarehe 21 Februari, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Shekhe anataka ridhaa yako kwa maandishi ya mkono wako. Ya simu haitaki, anasema kwenye simu hata kasuku anaweza kuwa babu wa mtu. Bila karatasi hiyo hafungishi, na mimi nimeshamwambia Omari kwamba siolewi kwa kuibwa.

Mistari miwili tu, Babu. Mpe kondakta wa basi la Tabora, nitaipokea stendi.

Mjukuu wako,
Zuleha Hamisi


Kasingirima, Ujiji
9 Januari 2025

Kwa mke wangu mdogo Zuleha,

Barua yako nimeipata, nimeisoma mwenyewe bila miwani. Miwani nimemwachia bibi yako achambulie mchele. Na hapa naandika mwenyewe, kwa herufi za kisomo cha watu wazima. Mwalimu wetu alikuwa na haraka, kwa hiyo kwenye mwandiko mzuri hakufika.

Mimi katika dunia hii nimeona mengi. Nimeona mamba amepanga foleni ya dagaa pale Kibirizi. Lakini mke kumwandikia mumewe barua, ati mume wangu niruhusu niolewe, hiyo ndo mara ya kwanza. Tena unanipangia na tarehe. Tena na shekhe. Talaka sijatoa, eda hujakaa, unataka Ijumaa.

Haya. Huyo Omari simjui. Watu wake nimewaona, wana masikio mazuri. Yeye sijamwona. Na mimi mtu simpimi sebuleni. Sebuleni kila mtu ana adabu, hata paka akiona wageni anajilamba. Mtu unampima njiani, gari likikwama, njaa ikiuma, mvua ikiwa juu. Wakati wangu wa lori nikitaka kumjua utingo mpya nampandisha Manyovu na kurudi. Wengine walishukia Mwandiga wakasema wamemkumbuka mama.

Basi mwambie aje. Akodi gari hapa mjini anichukue, tupande barabara ya Manyovu tukaone maporomoko ya maji. Ni safari ya kutwa tu. Siku hizi kuna lami, mwanamke anapaka wanja gari likiwa linatembea. Zamani barabara ile nilikuwa naiendesha kwa kuisikiliza.

Maporomoko yapo matatu na yote niliyavumbua mimi. Waha walikuwepo, sikatai, lakini walikuwa wanachota maji wanaondoka. Hakuna aliyesimama akasema hiki kitu ni kizuri. Mimi ndo nilisimama. La kwanza ni Mgoma, linapiga ngoma usiku na mchana bila kulipwa. La pili Kirombe, nyuma ya mashamba ya kahawa ya Kalinzi. La tatu Shela. Hilo halionekani kutoka barabarani, liko chini bondeni, linataka mtu mwenye miguu. Miguu ninayo.

Mke mwenzio anapiga kelele hapa ati goti langu halifiki Shela. Goti ni langu, mdomo ni wake, kila mtu atumie chake.

Huyo mtu akifaulu nitaandika. Asipofaulu unarudi nyumbani kupika.

Mumeo,
Pazi bin Hamdani
Simba wa Barabara ya Manyovu

Simu usinipigie. Ilidondoka ziwani pale Bangwe, ukipiga sasa hivi wanapokea migebuka.


Tabora
14 Januari 2025

Omari,

Huko porini Sikonge simu haishiki, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa lori la madumu yenu ya asali. Babu anataka uende Kigoma umpeleke kuona maporomoko barabara ya Manyovu. Anasema ni kuangalia maji. Ni kukuangalia wewe.

Nenda. Lakini nakuomba jambo moja. Babu ana maneno. Mimi ananiita mke wake tangu naota meno, na wewe atakuita mwizi. Atakudanganya mambo ambayo hata mtoto hadanganyiki. Usimjibu. Nakujua, ukianza masihara hujui kushika breki, na yule ni mzee, ana presha, na kalamu iko mkononi mwake. Sema ndiyo babu, sawa babu, mpaka jioni. Masihara yako nitunzie mimi.

Akichoka mshike mkono, lakini asijue kwamba umemshika.

Zuleha


Kasingirima, Ujiji
25 Januari 2025

Kwa Zuleha ambaye bado ni mke wangu,

Bwana wako alikuja. Mrefu, ndevu kidogo, viatu safi. Kaleta dumu la asali, bibi yako kalificha chini ya kitanda, mpaka leo sijaonja. Alikodi Probox nyeupe. Nikamwuliza hili gari linapanda mlima au tutalibeba. Akasema, "Litapanda babu." Tukaondoka.

Nikamwanza hapo hapo kabla ya Mwandiga.

"Kijana, we unajua yule binti ni mke wangu?"

"Najua babu."

"Sasa umekuja kuiba mke wa mtu mchana kweupe, na gari la kukodi."

"Nisamehe babu."

Nisamehe. Zuleha, mwizi gani huyo anaomba msamaha kabla hajakamatwa?

Tukafika Mgoma. Mvua imelijaza, maji mekundu kama chai ya maziwa, yanapiga mwamba unayasikia kifuani. Nikamwambia hapa ndo nilikuwa naoshea lori. Naliingiza lori zima chini ya maji, likitokea upande wa pili limeshakauka. Akayaangalia maji, akaniangalia mimi. Nikaona mdomo umemcheza kidogo. Nikasema moyoni haya, sasa huyu anajibu. Akameza. "Mashaallah babu."

Kwenda Kirombe unaacha gari kwa Regina, yule Muha anayechoma ndizi pale Kalinzi barabarani. Ni mtani wangu tangu ana meno yote. Kuniona tu:

"Mwakeye Mzee Pazi. Bado hujafa?"

"Nimekuja kukuchukua tufe wote."

"Mimi na wewe kaburi moja? Utasimulia mpaka malaika waweke kalamu chini."

Akamwangalia Omari. "Na huyu kijana mzuri unamfundisha uongo?"

Nikamwambia huyu ndo mwizi wa mke wangu. Regina akacheka, akaacha kugeuza ndizi, akamngoja mwizi ajitetee. Mtoto wa watu akasema, "Shikamoo mama," akanunua ndizi, akakaa kwenye benchi. Regina akaninong'oneza kama kijana wangu amekatwa ulimi.

Kirombe lenyewe unalijua kwa kusimuliwa. Maji yanashuka kwa ngazi, yanatua bwawani chini ya migomba, ukungu unapanda mpaka juu, ukisimama unalowa bila mvua. Hapo ndo nikampa uongo mkubwa kuliko wote nilionao, ule ninaoutunza kwa ajili ya wageni wa heshima. Nikamwambia, "Zamani maji haya yalikuwa yanapanda. Yanatoka hapa bwawani yanakwenda juu mlimani. Wazee walichinja ng'ombe ndo yakageuka."

Akasema, "Sawa babu."

Mtu unamwambia maji yalikuwa yanapanda, anasema sawa. Kesho mtoto wenu amwambie baba, mbuzi wa jirani kataga, naye atasema sawa, kalete mayai.

Shela tukaenda kwa miguu. Nilishuka kama mbuzi wa Kasulu nikapanda kama mbuzi huyo huyo. Maji yake membamba, meupe, yanateremka mwambani taratibu kama shela ya bibi harusi ambaye hana haraka ya kufika. Pale pale chini nikamwambia, "Omari, mke wangu simtoi." Nikamtazama usoni. Akainamisha kichwa. "Nimekuelewa babu." Kutoka hapo mpaka Ujiji waipa tu ndo zilikuwa zinaongea.

Basi na jibu langu kwako ndo hilo. Simtoi. Si kwamba ni mtu mbaya. Anaendesha vizuri, anaswali kwa wakati, njia nzima hakumpigia mtu honi. Lakini utaishi na ukuta. Ukuta mzuri, umepakwa rangi, ila ukuta. Shekhe mwambie karatasi hakuna.

Mumeo,
Pazi bin Hamdani
Mvumbuzi wa Maji


Sikonge
28 Januari 2025

Zuleha,

Basi lilinishusha Tabora juzi. Nikapita mbele ya nyumba yenu, nguo zilikuwa kambani, sikubisha hodi. Nikapanda lori nikaja huku kwenye mizinga.

Nilifanya ulivyoniagiza. Ndiyo babu, sawa babu, kutoka Ujiji mpaka Shela. Kuna mahali niliuma ulimi mpaka nikasikia chumvi. Alisema maji yalikuwa yanapanda mlima, Zuleha. Jibu lilishafika mdomoni, nikalimeza na ndizi.

Maporomoko ni mazuri, hilo hakudanganya. Mgoma si refu kama anavyosema, halifiki hata paa la msikiti, ila lina sauti. Kirombe ningekaa kutwa. Shela sikuliona vizuri, nilikuwa naangalia pa kukanyaga.

Pale chini ndipo aliponikataa. Alisema simtoi, halafu akanitazama, akasubiri. Sikujua anasubiri nini. Nikasema nimemwelewa. Kuna mengine yalitokea huko Shela ambayo si yangu kuyasema, ni ya mzee na heshima yake.

Sitakuambia tumzunguke walii wako. Mwenyewe ulisema huolewi kwa kuibwa, na mimi mke wa hivyo sitaki. Nimemwagiza mjomba asiendelee na habari ya ukumbi.

Omari


Kasingirima, Ujiji
31 Januari 2025

Mke mwenzangu Zuleha,

Kalamu si kazi yangu ila leo nimeikamata. Barua aliyokuandikia mumeo alinisomea kwa sauti, kama kawaida yake. Nikaona kuna mahali ameruka. Nikinyamaza nitakuwa nimekula asali ya watu bure.

Mbuzi wa Kasulu hakupanda mlima. Aliteleza kwenye tope wakati wa kushuka Shela, goti likageuka, akakaa kitako kwenye maji na kanzu yake. Nimeambiwa na Regina, alikuja sokoni Ujiji na maparachichi, mwanawe alikuwa kule bondeni anachota maji akaona yote. Kijana alimwosha tope mguuni, akavua shati lake akamfunga goti. Mzee amekaa hapo hapo majini ndo akasema mke wangu simtoi. Kijana akasema nimekuelewa. Akageuza mgongo, akachuchumaa, akambeba mpaka juu, mpaka kwa Regina. Yaani ameshakataliwa, na bado anabeba. Regina anasema alimwona Pazi anatokeza kwenye migomba juu ya mtu kama gunia la muhogo, akacheka mpaka ndizi zikaungua. Kijana hakucheka.

Mimi hapa nyumbani niliambiwa goti limepigwa teke na nyani.

Tangu arudi hana raha. Kahawa barazani haendi. Juzi nilikuwa uani, yeye akadhani nimetoka, nikamsikia anasema peke yake, "Amenibeba mlima mzima, hajasema hata babu mzito." Hapo ndo nikaelewa.

Zuleha, wewe umekulia Tabora kwa mama yako, labda hili hukufundishwa. Babu akisema wewe ni mke wake, yule anayekutaka anatakiwa amjibu. Amwambie mzee umechoka, niachie. Mzee meno huna, mke kijana utamlisha nini. Akijibu ndo ameingia ndani. Asiyejibu anabaki mgeni, na mgeni hapewi mtu wa nyumba. Babu yangu mimi alimwambia Pazi hivyo hivyo, ati Fatu ni mke wangu. Pazi akamwambia, "Basi mzee fanya haraka ufe, sanduku la bibi harusi nimeshanunua." Babu akamrushia kandambili, halafu akamwita ale. Ndo nikaolewa.

Sasa huyu wako amebeba na kunyamaza. Mzee anaona amehurumiwa. Pazi mtukane, anashiba. Mwonee huruma, anaugua.

Ninachokuuliza ni kimoja. Kijana wa watu nani alimfundisha kunyamaza?

Fatu


Tabora
3 Februari 2025

Omari,

Mimi ndiye niliyekufundisha kunyamaza. Nakutumia barua ya babu na ya bibi, zisome zote mbili, na zile za kwanza alizoniandikia pia.

Niliogopa presha ya babu. Kumbe presha yake ni kukosa mtu wa kujibizana naye.

Nilikuambia masihara yako unitunzie mimi. Yatoe yote sasa. Mwandikie. Usiombe msamaha hata kwa herufi moja, na habari ya kumbeba usiipite pembeni, anza nayo. Lile jibu ulilolimeza na ndizi, litapike. Mjomba mwambie ukumbi aendelee kuutafuta.

Zuleha

Siku ile ulipopita nilikuona. Nilikuwa nyuma ya shuka nililoanika. Nilisubiri ubishe.


Sikonge
6 Februari 2025

Kwa Pazi bin Hamdani, mume mwenzangu,

Shikamoo sikupi. Shikamoo anapewa mzee, na wewe umesema ni mume wa mwanamke ninayemchumbia, kwa hiyo sisi rika moja.

Naandika kudai mgongo wangu. Mimi kazi yangu asali. Nabeba madumu, nabeba mizinga na nyuki wake wamo ndani. Mzigo kama wewe sijawahi. Si nyama, maana nyama huna. Ni uongo. Nilikuwa napanda ule mlima nausikia unahama, ule wa kiboko umeegemea kulia, ule wa lori umeegemea kushoto, mpaka nikawa nayumba. Na shingo ulinikaba kama bibi aliyepandishwa bodaboda mara ya kwanza. Nikasema moyoni, huyu Simba wa Barabara ya Manyovu, sasa kwenye barabara yenyewe mbona anapita kama kifurushi?

Halafu nyani. Nasikia nyani ndiye aliyekupiga teke la goti. Nyani huyo mimi nilikuwa naye pale, ameniomba nikwambie kwamba hakuhusika, tena alitaka kukusaidia kubeba, akanusa ile kanzu akaahirisha.

Sasa habari ya Kirombe. Umesema maji yalikuwa yanapanda. Sikubishii hata kidogo. Kule juu aliyekuwa anayapokea ni babu yangu mimi, alikuwa ameweka pipa. Na mpaka anakufa alikuwa analalamika kwamba nusu ya maji hayafiki, kuna mjinga mmoja wa Ujiji ameegesha lori katikati.

Ya mwisho ni huyo mwanamke. Wewe meno huna, goti huna, simu yako imeolewa na migebuka. Binti wa watu utamlisha nini, habari? Mwachie aje kwangu ale asali. Ukikataa nakuja kukubeba tena, na safari hii nakuteremsha Shela nakuacha hapo hapo, waje wageni wakukute, wajue nani alimvumbua nani.

Talaka uiandike wazi isomeke. Mwandiko wako nimeuona, unakwenda kama lori lisilo na usukani.

Mwizi wako,
Omari Mlekwa


Kasingirima, Ujiji
11 Februari 2025

Kwa mwizi Omari,

Barua yako nimeisoma barazani kwenye kahawa, mbele ya watu wazima. Nikairudia kwa sababu Mzee Castory wa Bangwe alichelewa. Nyumbani bibi yako akataka aisikie tena pale kwenye nyama huna. Amecheka, kanga ikamdondoka kichwani, hana adabu yule mwanamke.

Umenitukana vizuri. Pale kwenye nyani ningekuwa mimi ningeongeza chumvi, lakini we bado kijana.

Sasa nikusahihishe. Goti langu halikuwa na kitu. Nilijiteleza kusudi nione kama unajua kubeba. Unajua, ila unahema kama mbuzi wa kuuzwa. Shati lako limefuliwa, lina kifungo kimoja pungufu, usiulize.

Babu yako na pipa lake namkumbuka. Mfupi, macho huku na huku. Kumbe wizi ni wa ukoo.

Asali nimeipata. Nimeambiwa nionje kwa kidole, nimetumia vidole vyote.

Talaka kwako siandiki. Naandika kwa mwenyewe.

Mume mwenzio,
Pazi bin Hamdani
Mzigo wa Shela


Kasingirima, Ujiji
11 Februari 2025

Kwa mjukuu wangu Zuleha binti Hamisi,

Mimi Pazi bin Hamdani, baba wa marehemu baba yako, ndiye walii wako. Nimeridhia uolewe na Omari Mlekwa. Shekhe wa Tabora nimempa uwakala afungishe ndoa hiyo kwa niaba yangu.

Mungu awaweke.

Babu yako,
Pazi


Tabora
15 Februari 2025

Babu,

Shikamoo. Karatasi imefika. Shekhe ameisoma, ameikunja, ameiweka kwenye juzuu yake. Ijumaa ni ile ile. Omari anatembea anacheka peke yake, watu wanadhani kaumwa na nyuki.

Na mimi nimeisoma. Haina mamba, haina lori, haina kiboko. Tangu nizaliwe hujawahi kuniita mjukuu wako. Nimeangalia kama kweli ni mwandiko wako.

Goti linauma sana, au kuna nililokukosea?

Zuleha


Kasingirima, Ujiji
18 Februari 2025

Kwa Zuleha mke wa Omari,

Goti zima kabisa, ila halitaki basi, kwa hiyo Ijumaa siji. Anakuja bibi yako na migebuka mikavu na mawese. Mpokeeni stendi mapema, asije akawasimulia abiria habari zangu. Zikisimuliwa na mtu mwingine zinapungua.

Hujanikosea. Umeuliza kwa nini nimekuita mjukuu. Sasa nikuite nani? Mke wa mtu sumu. Mimi nimekula kila kinachotoka kwenye ziwa hili, na vingine ambavyo hata ziwa halivijui, lakini sumu sijawahi kuonja na siwezi kuanzia uzeeni.

Nyumba imekuwa kimya kidogo. Bibi yako anasema ni masikio yangu.

Mkijaliwa watoto waleteni mvua zikikolea. Nitawapeleka Kirombe. Omari atatubeba mmoja mmoja, mimi wa kwanza. Nitawasimamisha pale bwawani, nitawaambia maji haya zamani yalikuwa yanapanda. Na baba yao akithubutu kusema sawa babu, namchukua mke wangu hapo hapo narudi naye Ujiji.

Babu yako,
Pazi bin Hamdani
Mume Mstaafu